Mahali Mashine Inapoishia

Kila anayeingia karakana na kukuta paneli ya nakshi imeegemezwa ukutani huuliza swali lile lile: hii umechonga kwa mkono au kwa mashine? Zamani nilikuwa najibu kwa neno moja. Siku hizi namwomba aniambie anauliza sehemu gani. Uwanda wa nyuma, ule ulioshushwa ili majani yasimame juu yake, umekatwa na mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Kwenye kingo za majani, mashine ilifika karibu ikasimamishwa. Uso wa jani, mshipa wa katikati na pembe zote za ndani ni patasi. Na kabla ya hayo yote kuna kazi ya kuchagua ubao, isiyoonekana kabisa kwenye paneli iliyokamilika, na hiyo hakuna mashine iliyoigusa.

Naandika haya kwa sababu naona mafundi wazuri wakigawanyika makundi mawili bila sababu. Wako wanaosema mashine inaua ufundi, na wako wanaodhani ukishajua programu ya kuchorea, patasi ni kumbukumbu ya babu. Mimi nimeishi na vyote viwili kwenye meza moja, na ninachokijua ni kwamba swali la maana ni mahali gani mashine isimame na mkono uchukue. Mahali hapo hapajawahi kuwa pale pale kwa kazi mbili.

Nilifundishwa uchongaji na mzee ambaye hakuniruhusu kugusa ubao hadi nilipojua kunoa. Patasi ikishindwa kunyoa nywele za mkono, inarudi kwenye jiwe. Baada ya kunoa nikafundishwa kusoma ubao: pete za ukuaji zimekaaje kwenye ncha, nyuzi zinapanda au zinashuka, fundo liko wapi na nyuzi zinalizungukaje. Mashine ilikuja baadaye sana, kwenye karakana ya pamoja ambako niliikuta ikikata maandishi ya vibao. Ni meza, mota inayozungusha biti, yaani kisu chake cha duara, na reli zinazoipeleka mota hiyo kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kompyuta inaisomea orodha ndefu ya nukta, nayo inakwenda nukta kwa nukta. Nilipoielewa hivyo woga ulinitoka, maana nilijua kwamba kwenda nukta kwa nukta ni sehemu ndogo tu ya uchongaji.

Watu huongea kana kwamba kompyuta imevamia ufundi kutoka nje. Ukifuatilia ilikotoka, utakuta mafundi njiani kote. Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard, wa Lyon nchini Ufaransa, alitengeneza kitanda cha mfumi kilichofuata kadi zenye matundu: tundu lipo, uzi unanyanyuka, halipo, uzi unabaki chini. Charles Babbage alipobuni mashine yake ya kukokotoa katika miaka ya 1830, kadi hizo za wafumaji ndizo alizokusudia kuzitumia. Huko Marekani, Thomas Blanchard alikuwa tayari amebuni kerezo la kunakili vitako vya bunduki: gurudumu linapita juu ya kielelezo, na kisu kinafuata umbo hilo hilo kwenye mti mwingine. Kisha mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu, wazo lililotokana na John T. Parsons, ambaye alikuwa akihangaika na umbo la mapanga ya helikopta. Mashine iliyoko karakana yetu ni mjukuu wa hiyo. Kwa hiyo ninapoiwasha sioni kama nimewasaliti walionitangulia. Naona nimeshika kifaa ambacho watu wa kazi za mikono walishiriki kukizaa.

Nilichokihitaji baada ya hapo ni kujua mashine haijui nini. Nikafanya jaribio kwa makusudi: faili moja, biti moja, kasi ile ile, mbao mbili za mti mmoja. Ubao wa kwanza ulipasuliwa ubapa, yaani msumeno ulipita kando ya gogo na pete zikalala kwenye ncha kama tabasamu. Wa pili ulipasuliwa kuelekea kiini, pete zikasimama wima. Kwenye skrini hapakuwa na tofauti yoyote. Mezani, ubao wa kwanza ulinyofoka ncha za majani kila mahali biti ilipokutana na nyuzi zinazopanda dhidi yake, wakati wa pili ulitoka safi karibu wote. Tukaziacha zikae. Wa kwanza ukaanza kujikunja upande uliochongwa, na wa pili ukabaki umenyooka.

Sababu yake inajulikana na kila seremala aliyewahi kuchunguza jambo hili, ila inafaa kuisema kwa tarakimu, kwa kuwa kompyuta inaishi kwa tarakimu. Mti mbichi ukianza kukauka, maji ya kwanza yanayotoka ni yale yaliyojaa ndani ya seli, na kipimo cha ubao hakibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, ndipo kuta za seli zenyewe zinapotoa maji na ubao unaanza kusinyaa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, kama asilimia 0.1 hadi 0.2 tangu ukiwa mbichi hadi ukauke kabisa. Kutoka kiini kuelekea gome, miti mingi husinyaa asilimia 3 hadi 5. Kufuata mzunguko wa pete, huwa karibu mara mbili ya hapo. Sasa chukua paneli ya upana wa milimita 300. Ikisogea kwa asilimia 1 tu, ni milimita 3 nzima. Na faili tuliloandika linajigamba kwa usahihi wa milimita 0.01! Usahihi huo ni wa kweli kwa dakika ile biti inapokata. Kesho yake hewa ikibadilika, ubao una maoni yake.

Tangu hapo tulibadilisha namna ya kuandaa kazi. Kila mchoro una mshale unaoonyesha nyuzi zielekee wapi, na mshale huo umo ndani ya faili pamoja na aina ya mti, jinsi ulivyopasuliwa na unyevu uliopimwa siku ya kukata. Nakshi ndefu yenye mashina membamba inapangwa ili mashina yafuate nyuzi, kwani shina lililokatiza nyuzi likibaki na upana wa milimita chache litavunjika kwa kuguswa tu na kitambaa cha vumbi. Na tunakata kwa awamu mbili. Mashine inaondoa sehemu kubwa kwanza, inaacha kama milimita 2 juu ya kipimo, kisha ubao unatolewa na kusimamishwa kwa ubavu ili hewa ipite pande zote. Ukiondoa mti upande mmoja, nguvu zilizokuwa zimejifungia ndani zinafunguka, na ubao unahitaji muda wa kutulia. Baada ya hapo tunaupiga randa mgongo uwe sawa tena, tunaurudisha mezani na kumalizia. Wanaotaka kasi hawapendi utaratibu huu. Lakini sijaona njia nyingine inayoaminika kwa paneli pana.

Kuna jambo jingine lililonishangaza kwa namna nzuri. Yule mzee aliyenifundisha hakuwahi kugusa kibodi, lakini ndiye aliyekuwa mwendeshaji bora wa mashine kati yetu. Alikuja siku moja kuangalia, akasimama pembeni huku mashine ikinguruma. Hakutazama skrini. Alikinga kiganja kando ya meza, pale biti inapotema, akasugua kilichoangukia humo kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hii ni butu," akasema.

"Bado mpya, mzee. Haijafika hata nusu ya muda wake."

"Basi inakwenda polepole mno. Hili ni vumbi. Mkato mzuri hutoa chenga."

Alikuwa sahihi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Biti yenye makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, makali yanapita mara 36,000 kwa dakika. Ukiisogeza milimita 3,600 kwa dakika, kila kali linabeba chenga ya milimita 0.1, na huo ni mkato. Ukiisogeza robo ya kasi hiyo, kila kali linapata milimita 0.025, na kwa unene huo linasugua zaidi kuliko linavyokata. Kusugua kunazaa joto, joto linaunguza mti na kuua makali. Mtu aliyeanza kwenye kompyuta, akiogopa kuharibu, hupunguza kasi ya kusogea akidhani ndiyo tahadhari. Mzee alijua kwa miaka yote ya randa na patasi kwamba chombo kinachokata kinatoa maranda na chombo kinachosugua kinatoa unga. Kuanzia siku ile, kijana yeyote anayejifunza mashine kwetu anafundishwa kwanza kukinga chenga, kuzitazama na kusikiliza sauti. Mlio wa mkato mzuri ni mzito na wa kudumu. Biti ikikutana na fundo mlio unapanda ghafla, na hapo mkono unapaswa kuwa karibu na kitufe cha kusimamisha.

Nirudi kwenye mahali mashine inapoishia. Biti ni duara. Biti ya milimita 6 haiwezi kuingia kwenye pembe ya ndani bila kuacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Biti yenye umbo la V husaidia, kwani inapanda kuelekea ncha huku mkato ukizidi kuwa mwembamba, na kwa herufi inatosha. Kwa jani linalokutana na shina kwenye kina, haitoshi. Pale lazima patasi ishuke, ikate nyuzi za ukuta kwanza, kisha ije kutoka chini na kunyanyua kile kipande kidogo. Ni mipigo michache tu, lakini jicho la mtazamaji huenda hapo hapo hata asipojua kwa nini. Nakshi yenye pembe za mviringo kote inaonekana imelala. Ile yenye pembe zilizokatwa kwa ncha ina giza dogo ndani ya kila pembe, na giza hilo ndilo linaloleta uhai.

Uso wa jani una hadithi yake. Kwa umbo lenye vilima na mabonde tunatumia biti yenye ncha ya mviringo kama mpira wa kuchezea, na mashine inapita mstari baada ya mstari. Kati ya mistari linabaki tuta. Kwa ncha ya kipenyo cha milimita 6 na hatua ya milimita 1.2 kati ya mstari na mstari, tuta linakuwa kama milimita 0.06 kwenda juu, unaliona likipigwa na taa ya upande. Ukipunguza hatua hadi nusu, muda unakuwa mara mbili na tuta linashuka hadi robo. Programu zinakushawishi upunguze tena na tena, hadi mashine ilale inafanya kazi usiku kucha. Nimechagua njia nyingine. Tunaacha hatua pana, tunaacha nusu milimita ya mti juu ya umbo, na kumalizia kwa patasi. Sababu yangu ni mwanga. Msasa unafanya uso kuwa laini na wenye ukungu, nuru inatawanyika juu yake. Patasi iliyonolewa vizuri inaacha vipande vidogo bapa vinavyong'aa, kila kimoja kikielekea upande wake, na ukipita mbele ya paneli majani yanaonekana kupumua. Nusu milimita ile ndiyo nafasi ya mkono kuamua. Ikiwa robo milimita, patasi haina pa kushika na inateleza. Ikiwa milimita mbili, umemrudishia fundi kazi ya sulubu ambayo mashine iliwekwa ili kuiondoa.

Hapa kuna jambo ambalo bado linaniumiza kichwa, na sitaki kulipita haraka. Kazi ya sulubu, ile ya kuchimba uwanda wa nyuma saa baada ya saa, ndiyo iliyotufundisha. Hakuna mwalimu aliyetuambia nyuzi zinageuka wapi. Tulijua kwa sababu patasi ilizama mara mia upande mbaya na ikateleza mara mia upande mzuri, mahali ambapo makosa hayakuonekana kwa kuwa yangechimbwa tu. Mwanagenzi alikuwa analipwa kwa kuondoa mti usiotakiwa, na ndani ya kazi hiyo ya kuchosha mwili wake ulikuwa unajifunza. Mashine inaichukua kazi hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo rahisi kuandikia faili. Mwanagenzi anaanza moja kwa moja kwenye uso wa jani, sehemu ngumu kuliko zote, akiwa na mikono ambayo haijawahi kukutana na ubao.

Nimeona matokeo yake kwa vijana wenye akili sana. Wanachora vizuri kwenye skrini kuliko nitakavyoweza kamwe, lakini wakishika patasi wanaisukuma kwa mkono wa nyuma peke yake, mkono wa mbele umelala bila kuzuia, na chombo kinakimbia kupita mstari. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kila anayeingia achonge paneli yake ya kwanza yote kwa mkono, uwanda wa nyuma ukiwemo, kwenye mti laini. Mashine ipo pembeni na haiwashwi kwa ajili yake. Wengine wananung'unika. Mmoja aliniambia, "Fundi, hii ni saa nne, ile ingeimaliza dakika ishirini." Nilimwambia ukweli kwamba dakika zile ishirini zingempa uwanda wa nyuma, na saa hizi nne zinampa mkono. Aliendelea. Leo ndiye anayepanga njia za biti kwa kazi zote kubwa, na anazipanga akifuata nyuzi, jambo ambalo hakuna programu iliyomfundisha.

Upande wa pili, kompyuta nayo ilinifundisha jambo kuhusu ufundi wangu mwenyewe. Mzee alikuwa na jani moja alilolirudia katika ukubwa tatu. Alilipima kwa upana wa vidole na kwa kamba yenye mafundo, na kwa macho yangu lilikuwa jani moja lililokuzwa na kupunguzwa. Tulipoanza kulichora kwenye kompyuta tukalikuza kwa uwiano, na toleo kubwa likatoka limevimba, halina adabu. Tulipopima yale aliyochonga kwa mkono tukakuta kwamba jani kubwa ni jembamba zaidi kwa uwiano, na bonde lake la katikati lina kina kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Nikamuuliza kwa nini. Alifikiri kwa muda, maana hakuwahi kuulizwa. Akasema jani kubwa huwekwa chini, karibu na macho ya mtu, na dogo huwekwa juu; la juu lisipochimbwa kwa kina, mtu aliye chini haoni kitu.

Maarifa hayo alikuwa nayo maisha yake yote bila kuyaweka kwenye maneno. Mashine ndiyo iliyotulazimisha kuuliza, kwa kuwa haikubali "kadiri unavyoona". Inataka namba. Sasa mchoro wetu wa jani hilo una kigezo cha urefu litakapotundikwa, na upana na kina vinabadilika kukifuata. Kati ya yote tuliyofanya na teknolojia hizi, hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine, hata kuliko muda tuliookoa.

Kuhusu vifaa vingine nitasema machache. Printa ya 3D, inayojenga umbo tabaka kwa tabaka, kwetu haitoi kazi ya kuuza; inatoa wasaidizi. Vizuizi vya kuongoza msumeno, vishikio vya patasi vilivyofuata kiganja cha mtu mwenye maumivu ya viungo, vielelezo vya majaribio vya kushika mkononi kabla ya kugusa mti wa thamani. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na printa hiyo, inalainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Wenzetu wahunzi wanaoyeyusha shaba huchapisha kielelezo, wakakifunika kwa udongo maalumu na kukichoma kitoke, kama walivyofanya kwa nta tangu zamani. Ila wanakuza kielelezo kidogo kwanza, kwani shaba nayo husinyaa inapopoa. Mashine ya leza, inayokata kwa mwanga mkali, ni nzuri kwa mbao nyembamba na vipande vya kupachika, lakini ukingo wake ni mkaa, na gundi haishiki vizuri kwenye mkaa. Tunaupitisha randa kidogo kabla ya kuunganisha. Na kamwe usikate plastiki ya PVC kwa leza: inatoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine.

Mfano mkubwa ninaowapa vijana ni kanisa kuu la Notre-Dame la Paris. Lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, kenchi zake za mwaloni za karne za kati ziliteketea. Ilikuwepo picha kamili ya vipimo vya jengo, iliyochukuliwa kwa mwanga wa leza na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon miaka kadhaa kabla, na vipimo vya kenchi zenyewe vilivyochukuliwa na wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux mwaka 2014. Kwa hiyo umbo lilijulikana. Maseremala walipokwenda kulijenga upya, walichukua mwaloni mbichi na kuuchonga kwa mashoka. Shoka linapasua likifuata nyuzi za gogo hata pale gogo linapopinda kidogo, na boriti inabaki na nyuzi ndefu zisizokatwa, wakati msumeno unanyooka na kukata nyuzi popote zinapopinda. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Pale leza ilishika kumbukumbu na shoka likashika mti, na kila kimoja kilifanya kile ambacho kingine hakiwezi.

Limebaki suala la nakshi za watu. Siku hizi unaweza kupiga picha nyingi kuzunguka paneli ya zamani, kila picha ikipishana na ya jirani yake, na programu ikatafuta alama zinazofanana na kujenga umbo zima. Weka rula ndani ya picha, la sivyo umbo litatoka bila kipimo. Ni njia nzuri ya kuhifadhi kazi inayoliwa na mchwa. Ni njia rahisi pia ya kuchukua kazi ya mtu aliye hai na kuisambaza kabla jua halijazama. Mashine zetu nyingi zenyewe ni tunda la ukarimu: mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha mradi wa RepRap, wa printa inayoweza kuchapisha sehemu zake nyingi yenyewe, na michoro yake ikatolewa bure kwa yeyote. Lakini Bowyer aliamua mwenyewe kuitoa. Mzee aliyerithi jani kutoka kwa aliyemfundisha ana haki ile ile ya kuamua, hata kama hana karatasi yoyote inayoonyesha umiliki.

Kwetu utaratibu ni huu. Kabla ya kupiga picha tunakwenda kwa mwenyewe, au kwa watu wake kama ametangulia, tunawaonyesha kwenye skrini kitakachotokea na kitakachoweza kutokea faili likitoka. Akikubali, jina lake linaingia ndani ya faili na kwenye mgongo wa kila paneli, na sehemu ya malipo inamrudia. Akisema faili lisitoke karakana, halitoki. Mmoja alikataa kabisa. Alisema nakshi ile anayetaka kuijua aje akae naye. Tukafunga kamera, na mwezi uliofuata wawili kati ya vijana wetu wakaanza kwenda kwake.

Kazi tunayohangaika nayo sasa ni namna ya kuhifadhi mkato wenyewe pamoja na umbo. Faili linasema jani liko wapi, lakini halisemi patasi ilitoka upande gani, ilianza na kipi, ilisita wapi. Tunarekodi video fupi kutoka juu ya meza, mikono tu na sauti ya fundi akieleza, kisha tunaiambatanisha na mchoro wa jani husika. Video za kwanza hazikufaa kwa sababu taa ilitoka mbele na kivuli cha patasi hakikuonekana. Tumehamisha taa upande wa kushoto, chini, sawa na dirisha ambalo mzee hupenda kukaa karibu nalo anapochonga, na sasa makali yanaonekana yanapoingia.